Waifai ya Meshi Inakatika Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa, Hatua kwa Hatua

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Uyole, kabla ya hapo Iringa mjini, kabla ya hapo Makambako. Maneno yalikuwa yale yale: "Fundi, tumefunga ruta tatu za meshi, taa zote zinawaka, lakini mtandao unakatika." Nikiuliza wamefanya nini, jibu nalo ni lile lile. Wamezima, wamewasha, ikakaa saa moja, ikakata tena. Mmoja wao alikuwa ameshanunua ruta ya nne.

Inaniuma kuona mtu anatoa hela mahali pasipohitaji hela. Kuzima na kuwasha hurudisha mtandao kwa muda, lakini hufuta dalili ambazo zingekuonyesha kosa lilipo. Meshi, yaani ruta kadhaa zinazoshirikiana kugawa waifai moja nyumba nzima, ina viungo vitatu: kutoka nje hadi ruta mama, kutoka mama hadi ruta mtoto, na kutoka mtoto hadi simu iliyo mkononi mwako. Mara nyingi kinachokatika ni kimoja tu. Ukikijua, nusu ya kazi imeisha. Ukikikisia, utazunguka mwezi mzima.

Humu "mama" ni ruta ya meshi iliyochomekwa mahali intaneti inapoingilia, yaani kwenye kisanduku cha faiba au ruta ya laini ya simu. "Mtoto" ni kila ruta nyingine inayopokea kwa mama na kugawa vyumbani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu ya Android yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi ya waifai. Zipo nyingi za bure. Kwenye iPhone programu za namna hii hazipewi nafasi ya kusoma mawimbi ipasavyo, kwa hiyo azima Android hata kwa jirani.
- Kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao, pamoja na waya mfupi mzima wa Cat5e au Cat6.
- Ekstensheni ya umeme ya mita tano au zaidi. Watu huisahau hii, na bila hiyo utamweka mtoto penye soketi badala ya penye mawimbi.
- Adapta zilezile zilizokuja na ruta.
- Nywila ya waifai, nywila ya programu ya kusimamia ruta, na jina na nywila za intaneti alizotumia fundi wa mtoa huduma siku ya kufunga, kama zilikuwepo.
- Daftari na kalamu.

Pini ya kubonyezea kitufe cha kufuta mipangilio iache kabatini. Tutaihitaji mwisho kabisa, na huenda tusiihitaji.

## Hatua ya 1: Andika inakatika lini na wapi

Kwa siku mbili usirekebishe kitu. Kila ikikatika andika mambo manne: saa, chumba ulichokuwepo, kifaa gani kilikatika (simu yako peke yake au vya wote), na rangi ya taa ya mama na ya mtoto wakati huo.

Sababu ni kwamba kosa lina ratiba yake. Ikikatika kila siku kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, fikiria umeme mdogo wa jioni au waifai za majirani waliorudi nyumbani. Ikikatika mtu anapopasha chakula kwenye maikrowevu, umepata jibu papo hapo, kwa maana maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale yanayotumiwa na waifai. Ikikatika kwenye simu moja tu huku televisheni inaendelea, ruta zako hazina kosa. Na ikikatika nyumba nzima kwa mpigo, usihangaike na watoto; tatizo liko kwa mama au nje.

Umefanikiwa ukiwa na: matukio matano au zaidi yaliyoandikwa. Matatu hayatoshi kuonyesha mwenendo.

## Hatua ya 2: Tenga nje na ndani

Hatua hii peke yake huokoa siku nzima. Zima waifai kwenye kompyuta, kisha iunganishe na mama kwa waya. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kwa kuandika `cmd`, halafu andika `ipconfig`. Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya mama, kwa kawaida ni kama 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Sasa fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza andika:

`ping -t 192.168.0.1` (weka anwani uliyoiona kwako)

La pili andika:

`ping -t 8.8.8.8`

La kwanza linamwita mama. La pili linaita seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Yaache yaende, endelea na shughuli zako, na subiri mtandao ukatike kwenye simu. Ukikatika, rudi uyatazame:

- Yote mawili yanaendelea kujibu. Intaneti ipo na mama ni mzima. Kosa liko kwenye waifai: ama mama na mtoto, ama mtoto na simu. Nenda Hatua ya 3 na ya 4.
- La nje limekoma, la mama linajibu. Intaneti yenyewe imekatika. Tazama kisanduku cha faiba. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako, na hakuna kitu cha meshi kitakachosaidia.
- Yote yamekoma. Mama ameganda au amejizima. Nenda Hatua ya 3.
- Yote yanajibu hata kwenye kompyuta yenye waya, lakini kurasa hazifunguki. Kinachokosekana ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Ndani ya mipangilio ya mama, kwenye sehemu ya DNS, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

Wanaotumia ruta ya laini ya simu waangalie kwanza kama bando halijaisha. Nasema hivi kwa heshima kabisa: bando likiisha, waifai hubaki imejaa mistari yote na hakuna kinachofunguka. Na kama nyumba yako imejificha nyuma ya mlima, jambo la kawaida Mbeya, sogeza ruta ya laini hadi dirisha linalotazama mnara kabla ya kuilaumu meshi.

Tahadhari: Usikunje waya wa faiba kona kali wala kuubana na mlango. Ndani yake ni kioo. Ukichomoka, usichungulie ncha yake kwa jicho.

Umefanikiwa ukiona: ping ya mama kwa waya inajibu kwa milisekunde 1 au chini yake, saa nzima, bila "Request timed out" hata moja.

## Hatua ya 3: Umeme

Kosa la umeme hujificha kwa sababu ruta haizimi kabisa. Inajizima sekunde moja, inajiwasha, inachukua dakika mbili tatu kurudi, na wewe ukija kuiangalia taa zote zinawaka.

Geuza kila adapta usome maandishi yake, kisha linganisha na maandishi yaliyo chini ya ruta. Volti lazima zilingane. Ampea za adapta ziwe sawa na zinazotakiwa au zaidi, zisiwe pungufu. Alama ya chanya na hasi nayo ilingane.

Kuna nyumba niliitwa Soweto, hapa Mbeya. Mtoto wa chumbani alikuwa anakatika kila jioni kuanzia saa mbili, mchana mzima anakaa vizuri. Wenye nyumba walikuwa na uhakika ni majirani. Niligeuza adapta: 12V, 1A. Chini ya ruta: 12V, 2A. Ilikuwa adapta ya king'amuzi. Siku ya kufanya usafi zilibadilishana kwa sababu tundu ni lilelile. Mchana, ruta ikiwa na simu moja tu, ampea moja ilitosha. Jioni familia nzima ikirudi na televisheni ikawashwa, ruta ilitaka umeme zaidi, adapta ikazidiwa, volti zikashuka, ruta ikajiwasha upya. Tukarudisha adapta yake na kosa likaisha hapohapo. Hela iliyotumika ilikuwa nauli yangu.

Kagua na hivi:

Soketi na ekstensheni. Tikisa kichwa cha adapta taratibu. Taa ya ruta ikicheza, badilisha soketi. Ekstensheni za bei ya chini hulegea ndani baada ya miezi michache.

Umeme ukikatika na kurudi. Vifaa vyote huamka pamoja, na mtoto huweza kuamka kabla mama hajawa tayari, akabaki anamtafuta. Ikitokea hivyo kwako, fuata mpangilio: washa kisanduku cha faiba, subiri taa ya PON, ya kuonyesha faiba imeshika, itulie; washa mama, subiri dakika tatu; halafu watoto, mmoja mmoja. Betri ndogo ya ruta ya 12V ikiwekwa kwa kisanduku cha faiba na kwa mama huondoa sehemu kubwa ya usumbufu huu. Kabla ya kuinunua, hakikisha inatoa ampea zinazotakiwa na vifaa vyote viwili kwa pamoja.

Tahadhari ya radi: Kwetu msimu wa mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na kule Tukuyu huchelewa zaidi kuisha. Radi ikianza kunguruma, chomoa umeme na waya wa mtandao. Watu huchomoa umeme tu, wakasahau kwamba waya wa shaba unaotoka nje unaweza kuingiza mshtuko uleule. Ruta iliyopigwa kwa njia hiyo mara nyingi inawaka vizuri kabisa, ila tundu moja limekufa. Ukiona baada ya dhoruba tundu moja halishiki waya wowote, hamia tundu jingine na uliandike lililokufa.

Umefanikiwa ukiona: kwenye programu ya ruta, muda ambao kila kifaa kimekaa bila kuzima unaongezeka siku hadi siku. Kama mtoto anaonyesha saa mbili wakati mama anaonyesha siku nne, na hakuna aliyemzima, bado una kosa la umeme.

## Hatua ya 4: Mahali pa mtoto

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote.

Nilikwenda Gangilonga, Iringa, kwa mama mmoja mwalimu mstaafu. Nyumba ya zamani, kuta nene za matofali ya kuchoma, na katikati yake mahali pa kuota moto na bomba la moshi lililojengwa kwa matofali hadi juu ya bati. Ruta mama iko sebuleni. Ruta mtoto imewekwa chumba cha mwisho, juu ya kabati, nyuma ya kioo cha kujitazamia.

"Shikamoo mama. Kwa nini huyu mmemweka huku?"

"Marahaba mwanangu. Si huku ndiko mtandao haufiki?"

Jibu lake lina mantiki kabisa, na ndilo ninalopewa kila nyumba. Lakini mtoto hatengenezi intaneti. Anapokea kwa mama na kupitisha. Ukimweka mahali ambapo mawimbi ya mama yamekwisha kufa, hana cha kupitisha. Simu yako itaonyesha mistari yote kwa sababu iko karibu na mtoto, kumbe mtoto mwenyewe hasikii vizuri. Mtoto anawekwa kabla ya mahali mtandao unapofia, pale ambapo mama bado anasikika kwa nguvu.

### Kupima

1. Zima watoto wote. Mama abaki peke yake.
2. Fungua programu ya kupima kwenye Android. Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba hasi, mfano -60 dBm. Iliyo karibu na sifuri ndiyo yenye nguvu. Ikishuka kwa 3, nguvu imekuwa nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi.
3. Funga milango yote kama inavyofungwa usiku. Wengi hupima milango ikiwa wazi mchana, halafu usiku mambo yanabadilika, hasa penye mlango wa chuma.
4. Tembea kutoka kwa mama kuelekea chumba chenye shida. Simama kila hatua tatu, hesabu hadi kumi, andika namba ya masafa ya 5 GHz na ya 2.4 GHz.
5. Tafuta mahali pa mwisho ambapo 5 GHz bado ni kati ya -55 na -65. Hapo ndipo pa mtoto. Kwenye -70 atafanya kazi kwa kubahatisha. Chini ya -75 atakatika, na hakuna mpangilio utakaomwokoa.

Kule Gangilonga mwalimu ndiye aliyeshika simu akinisomea namba kwa sauti, nami natembea na mtoto na ekstensheni. Chumbani juu ya kabati: -81. Mlangoni mwa chumba: -77. Tulipotoka kwenye korido na kulipita lile bomba la moshi, ghafla akasema "-62", kisha akarudia kama haamini. Hatua nne tu. Tukabandika kipande cha tepu ukutani, akaandika -62 kwa kalamu yake. Mtoto akawekwa pale kwenye kirafu, usawa wa kifua. Tuliporudi chumbani, simu ilisoma -58 kutoka kwa mtoto, na ping ya mama, ambayo mwanzo ilikuwa inaruka kati ya 40 na 300 na kupotea, ikatulia chini ya 10.

### Vitu vinavyokula mawimbi kwenye nyumba zetu

Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma unavumilika. Kuta mbili nene, 5 GHz huchoka. Zege lenye nondo ni baya zaidi, kwa hiyo ghorofa ya juu na ya chini zinahitaji mtoto karibu na ngazi, mahali penye uwazi. Bati huakisi mawimbi. Stoo ya bati au geti la bati ni ukuta kamili. Maji hunyonya, hivyo usimweke mtoto upande wa pili wa simtanki. Friji, kioo kikubwa na televisheni ya ukutani vyote vina chuma au rangi ya chuma nyuma yake.

Mweke mtoto kati ya usawa wa kifua na usawa wa kichwa, mahali wazi. Asikae sakafuni, nyuma ya televisheni, juu ya friji, wala ndani ya kabati lililofungwa. Kwenye kabati kuna na tatizo la joto: baridi ya Mbeya husaidia kidogo, lakini Kyela ruta iliyofungiwa pamoja na king'amuzi huchemka hadi ikaganda.

### Watoto wawili au zaidi

Kila mtoto amwone mama moja kwa moja, kama inawezekana. Mtoto wa pili akipokea kwa mtoto wa kwanza, na wote wanatumia redio ileile kupokea na kutoa, kasi inakatika nusu kwa kila mruko wa kutoka ruta moja hadi nyingine. Na wakiwa wengi mno kwenye nyumba ndogo wanazibana wenyewe. Nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida inatosheka na mama na mtoto mmoja aliyewekwa vizuri. Kama uliongeza ruta ya tatu ili kuponya kosa, izime kwa siku mbili uone.

### Chumba cha uani

Kati ya nyumba kubwa na vyumba vya uani kuna kuta mbili za nje na mara nyingi bati. Usipambane na mawimbi hapo, vuta waya. Cat6 ya nje, ndani ya bomba, isiyozidi mita 100, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Waya wa ndani ukiuacha juani hukauka, ganda hupasuka, na mvua ya kwanza inaingia. Uliza dukani kama ni shaba tupu. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni wa bei ndogo, lakini hukatika kirahisi na hupoteza nguvu njiani. Na onyo la radi la Hatua ya 3 linahusika hapa kuliko mahali pengine.

Tahadhari: Waya uwe mmoja kati ya mama na mtoto. Ukichomeka nyaya mbili kutoka swichi ileile kwenda kwa mtoto yuleyule, data huanza kuzunguka bila mwisho na nyumba nzima hukatika.

Umefanikiwa ukiona: programu ya ruta inaonyesha kiungo cha mama na mtoto ni kizuri, na ping ya mama kutoka chumba cha mwisho inakaa chini ya milisekunde 20 kwa nusu saa bila kupotea.

## Hatua ya 5: Ruta mbili zinazogombea kazi moja

Kisanduku cha mtoa huduma kwa kawaida nacho ni ruta. Kina waifai yake na kinagawa anwani. Ukikiunganisha na mama wa meshi bila kupanga, una mabosi wawili.

Fungua mipangilio ya mama, tafuta anwani ya WAN, yaani ile mama aliyopewa kutoka upande wa nje. Ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, basi huenda kuna ruta nyingine mbele yake inayogawa anwani. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, hiyo ni ya mtoa huduma mwenyewe na si kosa. Hatari kubwa ni pale kisanduku na mama wanapotumia fungu moja la anwani, mfano wote 192.168.1. Mama hajui tena nje ni wapi na ndani ni wapi.

Chagua moja kati ya mbili:

1. Mwombe mtoa huduma aweke kisanduku kwenye hali ya daraja, kwenye menyu imeandikwa Bridge. Mama ndiye atakuwa ruta pekee. Mimi napendelea hii.
2. Au weka mama kwenye hali ya Access Point. Kisanduku kitagawa anwani, meshi itagawa waifai tu. Ni rahisi na haihitaji kumpigia mtu.

Kwa vyovyote vile zima waifai ya kisanduku. Wengi huiacha, tena wameipa jina lilelile la meshi na nywila ileile. Simu inarukia kisanduku ikipita sebuleni, inakaa huko hata ukienda chumbani, na wewe unasema meshi imekatika.

Umefanikiwa ukiona: simu zote nyumbani zina anwani za fungu moja, na programu ya kupima inaonyesha jina lako la waifai kutoka kwa ruta za meshi pekee.

## Hatua ya 6: Chaneli

Chaneli ni njia ndani ya masafa ambayo ruta hurushia mawimbi yake. Ichague usiku kati ya saa mbili na saa tatu, majirani wakiwa nyumbani. Kwenye nyumba za kupanga za Iyunga au Kihesa, karibu na wanafunzi, utakuta waifai ishirini zimerundikana.

Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, ile yenye msongamano mdogo, na upana wa 20 MHz. Hizo tatu haziingiliani. Ukichagua 3 au 8 unasumbuliwa na pande zote mbili.

Kwenye 5 GHz anza na 36 hadi 48. Chaneli 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na ruta ikidhani imesikia rada inalazimika kuondoka kwenye chaneli hiyo mara moja. Ikihamia nyingine ya aina hiyohiyo, husikiliza kwanza dakika nzima kabla ya kurusha. Kwako itaonekana mtandao umekatika bila sababu, kisha ukarudi wenyewe. Kama daftari lako lina ukatikaji wa dakika moja moja usio na ratiba, jaribu hili kwanza.

## Hatua ya 7: Simu na vifaa vyenyewe

Kifaa kimoja kikisumbua peke yake, kiambie kisahau mtandao, kisha kiunganishe upya. Kamera na printa nyingi zinashika 2.4 GHz tu, kwa hiyo hakikisha masafa hayo hayajazimwa. Kama simu za zamani hukatika ukitembea kutoka chumba hadi chumba, zima kile kipengele cha kuhama haraka kati ya ruta, na usalama uweke WPA2 badala ya WPA3 pekee. Badilisha kimoja, subiri siku moja, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichoponya.

## Hatua ya 8: Kusasisha, na mwisho kabisa kufuta

Sasisha programu ya ndani ya ruta kupitia programu yake ya simu. Chagua saa ambayo umeme umetulia na hakuna wingu la mvua, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza isiamke tena.

Kama yote yameshindikana, sasa chukua pini. Kabla ya kubonyeza, piga picha kila ukurasa wa mipangilio ya mama, hasa jina na nywila za intaneti za mtoa huduma. Ukizipoteza utakaa bila mtandao mpaka wafungue ofisi. Futa mama na watoto, kisha waunganishe upya wakiwa chumba kimoja, mita mbili au tatu kati yao. Taa zikitulia, mpeleke mtoto kwenye alama ya tepu uliyoiweka Hatua ya 4. Kumuunganisha akiwa mbali ndiko kunakofanya watu waseme ruta ni mbovu.

## Ukigundua kosa liko nje

Usipige simu kusema "mtandao unasumbua". Utaambiwa uzime na uwashe. Soma daftari lako:

"Nimeunganisha kompyuta kwa waya kwenye ruta. Jumanne saa 1:40 usiku na Jumatano saa 2:15 usiku ruta ilikuwa inajibu, lakini 8.8.8.8 ilikoma kwa dakika sita. Taa ya LOS ilikuwa nyekundu. Naomba fundi apime nguvu ya mwanga kwenye kisanduku changu."

Omba namba ya malalamiko na uiandike, pamoja na tarehe. Wakikaa kimya au wasipotatua, namba hiyo na daftari lako ndivyo vya kupeleka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambao wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya. Watakuuliza kwanza kama umeshalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe.